Kuku wetu Shangazi ameanza kuwika alfajiri. Bibi anasema achinjwe, mtoto anasema hachinjwi mtu

Mwana_Sakina (mleta uzi), 14 Juni

Wakuu, heshima kwenu, na shikamoo kwa wakubwa.

Mimi si mfugaji wa kujitangaza. Niko Sakina hapa Arusha, nina kabanda ka kuku 6 nyuma ya nyumba. Si biashara, ni mayai ya watoto na kujiliwaza jioni. Mmoja kati yao ni wa kienyeji, rangi ya kahawia, ana miaka 4. Binti yangu wa miaka 9 amekua naye tangu kifaranga. Alimwita Shangazi kwa sababu kuku mwenyewe alikuwa hapitwi na jambo, kila mwenzake akisogelea chakula lazima agombezwe kwanza. Anapakatwa, anakula ugali mkononi, na mvua ikinyesha analala barazani na hakuna wa kumuuliza.

Ametaga vizuri miaka yote hiyo. Ameatamia mara mbili, mara ya mwisho akatoa vifaranga 11. Lakini tangu Februari hajataga hata yai moja. Nikasema uzee. Aprili nikaona upanga wa kichwani unanenepa na kuwa mwekundu, ndevu zinaning'inia. Mara akaanza kuwapanda wenzake. Wiki iliyopita, saa 11 alfajiri, nasikia kitu kinawika chini ya dirisha langu. Sauti mbovu kama ya pora anayejifunza, inakatikia njiani. Nikatoka na tochi nikijua jogoo wa jirani ameruka ukuta, maana mimi jogoo sina tangu mwaka jana. Namulika, namwona Shangazi juu ya ndoo, shingo juu, anajiandaa kurudia.

Sasa balaa. Binti akamsimulia bibi yake kwenye simu. Mama yangu yuko Kibosho. Akanyamaza kidogo, akaniita: "Baba, kuku jike hawiki kwenye nyumba ya watu. Huyo achinjwe leo, jua lisizame." Mtoto amesikia, amelia mpaka akapata homa. Mke wangu anasema yeye uchuro hautaki, na kilio hakitaki vilevile, nijue mwenyewe.

Naomba kujua: ni ugonjwa? Alikuwa dume tangu mwanzo? Anaambukiza hao wengine 5? Nawasilisha.

Pilipili_Kichaa, 14 Juni

Huyo si Shangazi tena, mwiteni Baba Mdogo. Mimi nimeshabandika maji.

Tetea_la_Mjini, 14 Juni

Jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini tetea la Sakina linawika. Tumeyaona.

Bint_Rau, 14 Juni

Mkuu, mama hajatunga hilo. Na kwetu Uru ni hivyo hivyo. Nikiwa darasa la tano kuku wa bibi aliwika mara moja tu, tena mchana, na kabla ya saa 9 babu alikuwa ameshamkata kichwa. Hakuliwa. Alifukiwa mbali na migomba. Tulikaa na hofu wiki nzima tukisubiri nani atakufa. Hakufa mtu. Kahawa mwaka ule ilizaa mpaka magunia yakawa hayatoshi, lakini hiyo hakuna aliyeihesabu upande wa yule kuku.

Ila shangazi kwetu ni baba wa kike. Kwa hiyo sioni ajabu ilipo.

Kuchi_wa_Pasua, 14 Juni

Kabla hamjaanza mambo ya uchuro, jibu hili: kuku ana damu ya kuchi? Mitetea ya kuchi inachanganya watu sana. Mirefu, imesimama wima, shingo ndefu, na ikizeeka inaota ule mwiba wa nyuma ya mguu ambao wazee wa pwani wanauita kipi. Mgeni akiingia kwangu anauliza mbona nina majogoo tupu.

Halafu kuna kuuziwa pora ukaambiwa ni tembe. Hapa Moshi niliwahi kununua "mitetea" 5 kwa jamaa mmoja sokoni, wakiwa na miezi miwili na nusu. Watatu wakawika. Nilirudi kumtafuta, nikaambiwa amehamia Babati.

Mwana_Sakina, 14 Juni

Kuchi wa Pasua, damu ya kuchi sijui, ila kuuziwa dume hapana. Huyu nimeyala mayai yake. Vifaranga wake wa mwisho nimewagawa mtaa mzima. Ni mama wa watu.

Msumari_wa_Moto, 15 Juni

Ni hivi vyakula vya dukani, ndugu zangu. Vimejaa homoni. Leo kuku, kesho sisi.

Daktari_Kwato, 15 Juni

Habari zenu. Nilisoma mifugo pale Tengeru na nimefanya kazi ya ugani upande wa Meru na Hai. Kuku wa namna hii nimeshawaona wawili kwa macho yangu. Ni nadra, lakini yapo.

Ng'ombe jike, mbuzi jike na mwanamke wana ovari mbili. Kuku ana moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Ya kulia ilianza naye ndani ya yai, ikaachia njiani, ikabaki kijinyama kidogo kisicho na kazi. Ya kushoto inatoa mayai, na inatoa pia homoni ya kike, estrojeni. Sasa ikiharibika, iwe kwa uvimbe, kwa kujaa maji, kwa maambukizi, au kwa ugonjwa wa Mareksi ambao hupenda kuotesha vivimbe hapo kwenye ovari, estrojeni inaporomoka. Kile kijinyama cha kulia kilichokuwa kimenyamazishwa miaka yote kinaweza kuamka. Na kikiamka, mara nyingi hakiamki kama ovari. Kinakuwa na sura ya korodani, au nusu hiki nusu kile, na kinaanza kumwaga testosteroni, homoni ya kiume. Upanga wa kuku hausubiri kuambiwa mara mbili na homoni hiyo, ndiyo maana ulianza upanga, ikafuata tabia, kisha sauti.

Sasa manyoya, na hapa hata wafugaji wakongwe hukosea. Manyoya ya jogoo hayaletwi na homoni ya kiume. Ukimhasi jogoo, upanga unasinyaa na kuwika kunapungua, lakini mkia wake wa kung'aa anabaki nao. Lile ndilo vazi la kuku yeyote asiye na estrojeni. Mtetea anavaa kanga zake kwa sababu estrojeni inamwamuru. Ila unyoya ukishamaliza kuota umekufa, haubadiliki rangi wala umbo. Kwa hiyo Shangazi kwa sasa ni mtetea mwenye upanga wa jogoo. Subiri apukutishe manyoya, kisha tazama shingoni na pale juu ya mkia. Unyoya wa mtetea una ncha ya mviringo. Wa jogoo ni mwembamba, umechongoka, unang'aa. Hapo ndipo utajua.

Kwa vinasaba hageuki. Kwa binadamu mwanamume ndiye mwenye X na Y. Kwa kuku ni kinyume: jike ndiye mwenye mbili tofauti, Z na W, na jogoo ana Z mbili. Shangazi ni ZW, na atakuwa ZW hata ndani ya sufuria.

Kugeuka hakuambukizi. Lakini chanzo chake kinaweza kuwa ugonjwa, kwa hiyo leo jioni mshike, mpapase tumbo kati ya miguu. Likiwa gumu au limejaa maji kama puto, au anahema kwa shida, au anasimama wima kama bata, niambie. Mpime uzito pia.

Msumari: huyu anakula ugali wa mtoto, homoni za dukani zimemfikiaje? Homoni za kukuzia hazitiwi kwenye chakula cha kuku. Broila anakua upesi kwa sababu ya miaka mingi ya kuchagua mbegu, pamoja na lishe. Ukitaka cha kuogopa kwenye chakula, ogopa ukungu. Pumba iliyovunda ina sumukuvu, na hiyo inaua ini.

Pilipili_Kichaa, 15 Juni

"ZW hata ndani ya sufuria." Daktari naye anawaza ninachowaza.

Mama_Mayai_Kiborloni, 15 Juni

Daktari amesema vizuri ila mimi niongeze la kwangu, maana watu watasoma huu uzi halafu kila anayewika aonekane ovari imeoza.

Mwaka juzi niliuza jogoo wangu wa pekee. Haikupita wiki tatu, mtetea mmoja mkubwa, mbabe, akaanza kuwika. Anaita wenzake kwenye chakula kwa ile sauti ya jogoo, anawapanda, akiona mwewe yeye ndiye wa kupiga kelele. Mtaa mzima wakanijia. Lakini upanga wake ulikuwa ule ule mdogo, na kutaga aliendelea, siku moja moja. Nikamleta jogoo mwingine. Siku ya kwanza walipigana mpaka damu ikatoka. Ya tatu yule mama akanyamaza, hajawika tena hadi leo.

Kwa hiyo kuna cheo na kuna mwili. Banda likikosa mwenye nyumba, jike mkubwa anakamata usukani. Huyo hana ugonjwa. Mwana Sakina, wako ameacha kutaga na upanga umeota. Wako ni mwili.

Daktari_Kwato, 15 Juni

Mama, asante. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe, umeieleza kuniliko. Na kipi, ule mwiba wa mguuni, peke yake si ushahidi pia, mitetea mingi mizee inaota na inaendelea kutaga.

Mwana_Sakina, 17 Juni

Mrejesho. Tumbo ni laini. Kilo 1.9 kwa mizani ya mpemba wa duka la pembeni, ambaye sasa naye anajua habari zote. Anakula kuliko mimi.

Kosa langu nikiri: kabla sijaleta uzi nilikimbilia duka moja la dawa za mifugo, silitaji. Kijana akanipa pakiti ya antibayotiki ya kuchanganya na maji, kuku hajamwona wala hajauliza umri. Nimewapa wote 6 kwa siku tatu.

Daktari_Kwato, 17 Juni

Aisee. Ovari iliyokufa haifufuki kwa antibayotiki. Sasa mayai ya hao 5 msiyale wala msiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe, uanze kuhesabu baada ya dozi ya mwisho. Na chanjo ya ugonjwa wa kideri umewapa lini? Tone moja jichoni kila miezi 3. Hiyo ndiyo ingekuokoa pesa, siyo hayo mapakiti.

Mwana_Sakina, 17 Juni

Chanjo... nitawapa Jumamosi.

Mzee_Kobe, 18 Juni

Vijana, hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Majengo, Moshi. Mama Kibosho asionekane mshamba peke yake. Hofu hii imezunguka dunia.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, aliandika habari za mitetea ambayo ikimshinda jogoo huanza kuwika, kujaribu kupanda, upanga na mkia vikasimama, na wengine wakaota hata vipi vidogo miguuni. Yeye alieleza tu alichokiona, akaendelea na shughuli zake.

Wa baadaye hawakuwa na utulivu huo. Mwaka 1474, katika mji wa Basel ambao leo uko Uswisi, jogoo alifikishwa mahakamani kwa kosa la kutaga yai. Alihukumiwa, akachomwa moto hadharani na yai lake, kwa sababu waliamini yai la jogoo likianguliwa linatoa basilisko, joka linaloua kwa macho. Sasa jiulizeni, jogoo atagaje? Mimi kwa maoni yangu yule alikuwa Shangazi. Jike aliyeanza kugeuka, ovari haijafa yote.

Na kule Edinburgh, Uskoti, mwaka 1923, mwanasayansi Crew alitoa taarifa ya kuku wa aina ya Buff Orpington aliyekuwa ametaga na kulea vifaranga, kisha akageuka, akawika, akapanda mtetea, na vifaranga wawili wakapatikana. Mama wa watu akawa baba wa watu.

Kuchi_wa_Pasua, 18 Juni

Mwalimu, hiyo ya mwisho ni kweli kabisa au ya kutufurahisha?

Daktari_Kwato, 18 Juni

Ni kweli, inatajwa sana. Ila msianze kukodisha. Wengi wa hawa hawazalishi kitu, wanapanda tu. Hata njia ya kupitisha mbegu hawana sawasawa. Yule wa Edinburgh ni wa kuhesabika.

Bint_Rau, 18 Juni

Mwana Sakina, mama umemwambia nini?

Mwana_Sakina, 18 Juni

Nimemwambia tunalishughulikia. Si uongo.

Msumari_wa_Moto, 19 Juni

Mimi bado nasema achinjwe. Sayansi na ibada kila moja ina chumba chake. Kuna vitu wazee walikataa wakiwa na sababu.

Mzee_Kobe, 19 Juni

Sababu moja naijua, kijana, na haina jini ndani yake. Kuku aliyeacha kutaga anakula bure. Familia ya kihamba, yaani shamba la ukoo, yenye kuku 4 haiwezi kumlisha mgeni wa kudumu. Ukisema "achinjwe kwa kuwa hatagi", mtoto atalia, jirani atasema una roho mbaya. Ukisema "ni uchuro", hakuna wa kubisha. Mimi sisemi ndiyo asili ya mila yenyewe. Nasema ilikuwa inafaa.

Mwana_Sakina, 2 Oktoba

Wakuu, nafufua uzi. Shangazi amekuwa kituko. Amepukutisha manyoya, banda limejaa utadhani mto umepasuka. Mkia hana. Shingo ina vijiti vijiti vinavyochomoza kama nungunungu. Ameacha kuwika, anajificha nyuma ya debe, hataki hata kushikwa. Binti anaamini anakufa.

Daktari_Kwato, 2 Oktoba

Hafi. Kuota manyoya kunakula protini nyingi mwilini. Mwongezee dagaa, mashudu ya alizeti, na wale mchwa wakipatikana. Msimshike shike, ule unyoya mchanga una damu ndani na unauma. Chanjo ya Septemba umetoa?

Mwana_Sakina, 2 Oktoba

Nimetoa, daktari. Nimekuwa mtu mzuri.

Mwana_Sakina, 23 Novemba

Naona aibu kuandika haya. Ni mzuri kuliko jogoo yeyote niliyewahi kufuga. Shingo imekuwa ya dhahabu, nyembamba imechongoka vile vile alivyosema Daktari. Mkia mweusi umejikunja, ukipigwa na jua la asubuhi unatoa kijani. Na sauti imenyooka! Ile ya kukatika njiani imekwisha. Fundi seremala wa mtaa wa pili amekuja kuuliza bei, anataka jogoo wa mbegu. Nikamwambia hata nikikuuzia, hutapata kifaranga. Akaondoka akisema Wachaga tunabana.

Tabia ndiyo imebaki ya Shangazi. Bado anagombeza. Ila sasa akipata mdudu anaita wenzake wale kwanza, jambo ambalo alipokuwa jike hakuwahi kulifanya hata siku moja.

Mama_Mayai_Kiborloni, 23 Novemba

Wangapi tunao nyumbani wangegeuka wakawa hivyo.

Mwana_Sakina, 21 Desemba

Wakuu nisaidieni haraka. Mama amepanda kutoka Kibosho kuja kula Krismasi kwetu mwaka huu, kinyume cha desturi, anasema amechoka kutusubiri sisi. Ameingia na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa mgando. Amekaa barazani, hajamaliza hata chai, Shangazi akapita mbele yake kifua mbele. Mama akaweka kikombe chini. "Baba, jogoo mzuri hivi mmemtoa wapi?"

Nikakohoa.

"Na yule wa mkosi mlimchinja?"

Mke wangu akawahi: "Mama, yule mtetea hayupo tena."

"Vizuri. Basi huyu atatutosha Krismasi."

Binti amebeba kigoda, amekwenda kukaa mlangoni mwa banda. Hajarudi, na sasa ni saa 2 usiku.

Pilipili_Kichaa, 21 Desemba

Maji niliyobandika Juni bado ya moto.

Bint_Rau, 21 Desemba

Mchaga gani anakula kuku Krismasi mbuzi wapo? Amka alfajiri nenda mnadani, rudi na mbuzi. Mama akiona mbuzi hatauliza habari za kuku.

Mzee_Kobe, 21 Desemba

Mwambie ukweli. Mwenye umri ule ameona makubwa kuliko kuku.

Mwana_Sakina, 26 Desemba

Mbuzi alinunuliwa, na ukweli umesemwa, ila sikuusema mimi. Jana baada ya chakula binti alimsogelea bibi yake, akamnong'oneza sikioni muda mrefu. Mama akamtazama yule ndege kule uani, naye kama kawaida yake akageuza kichwa akamtazama kwa jicho moja. Mimi nikashika funguo za gari nijifanye nina safari.

Mama akauliza: "Huwa anawika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, bibi."

"Basi kesho ataniamsha, niwahi misa."

Leo amemwamsha. Mama ametoka na kanga kichwani, amepita karibu na ndoo bila kusema neno, ila alichota mahindi kiganjani.

Daktari, kilo 2.1, tumbo bado laini. Chanjo ni wiki hii.